Roboti Inayojua Kunyamaza: Mwongozo Kamili wa Kupima Uzuiaji Sauti wa Kuta

Ukuta unaotenganisha nyumba mbili hupimwa hivi: chumba kimoja unawasha spika yenye mvumo mkubwa, chumba cha pili unasikiliza kilichopenya. Kazi yenyewe si ngumu, inachosha tu. Unasimamisha maikrofoni, unatulia sekunde 15 bila hata kukohoa, unaihamisha, unatulia tena. Ni mara kumi kila upande, halafu unabeba mizigo kwenda jozi nyingine ya vyumba, ghorofa ya juu, na lifti ya jengo jipya bado haijawashwa. Kufikia saa tisa mchana mpimaji anaanza kuweka maikrofoni pale mkono ulipofika, si pale ilipotakiwa.

Hapo ndipo roboti inapofaa. Haichoki, na inakumbuka iliposimama kila mara. Nisikudanganye lakini: haitakuokolea muda mwingi kwa chumba kimoja, na haitayafanya majibu yawe sahihi kwa sababu tu ni roboti. Ukiijenga vibaya itayaharibu, maana tofauti na kigoda cha miguu mitatu kinachoshika maikrofoni, roboti ina kelele zake.

Mfano wangu ni Uingereza, kwa kuwa huko kipimo hiki ni sharti. Sehemu E ya kanuni za ujenzi inataka nyumba mpya zinazopakana zipimwe kabla ya kukamilika, walau seti moja kwa kila nyumba kumi za kundi moja, isipokuwa mjenzi amefuata michoro iliyokwisha kusajiliwa na kuthibitishwa. Ukuta au sakafu ya nyumba mpya lazima izuie walau desibeli 45 za sauti ya hewani, na vishindo vya nyayo kutoka juu visizidi 62. Utaratibu wa kimataifa wa kupima ni ISO 16283, ambao sehemu yake ya kwanza ilitoka 2014 na inahusu vyumba vya mita za ujazo 10 hadi 250. Kila nchi huongeza masharti yake juu ya hayo. Yasome kabla ya kununua hata parafujo moja.

Hatua ya 1: Amua roboti iguse nini na isiguse nini

Kuna mizigo mitatu: maikrofoni, spika, na mashine ya kugonga sakafu, inayoiga vishindo vya nyayo. Anza na maikrofoni peke yake.

Spika ya kazi hii ina pande kumi na mbili ili isambaze sauti kila upande, na ni nzito. Kuipandisha juu ya roboti kunakulazimisha ununue roboti kubwa, na roboti kubwa haipiti milangoni kwa urahisi. Utaratibu unataka spika isimame sehemu mbili angalau, zilizoachana mita 1.4 au zaidi. Njia rahisi ni kuweka spika mbili tangu mwanzo na kuziwasha kwa zamu kwa swichi inayoendeshwa na kompyuta. Ni ghali kidogo, ila nafuu kuliko roboti ya pili.

Mashine ya kugonga mwachie binadamu. Ina nyundo tano za gramu 500 kila moja, zinazoanguka kutoka milimita 40, mapigo kumi kwa sekunde. Lazima isimame kwa miguu yake yenyewe juu ya sakafu, na kitu chochote kinachoigusa kinabadilisha mapigo. Nimeona michoro ya roboti inayoishusha kwa kamba. Inapendeza kwenye video.

Hatua ya 2: Jenga mwili

Kwa roboti ya maikrofoni, jukwaa dogo la magurudumu linatosha. TurtleBot3 Waffle Pi, kwa mfano, inabeba hadi kilo 30, inatembea sentimita 26 kwa sekunde na inaendeshwa na ROS 2, ambayo ni programu huria. Ina lida, yaani sensa ya leza inayozunguka, ya kuona kuta. Ongeza sensa zinazotazama sakafu mbele ya magurudumu, maana jengo lisilokamilika lina ngazi zisizo na reli na mashimo ya mabomba.

Juu yake simika mlingoti unaobadilika urefu. Usitumie mlingoti wa urefu mmoja. Sababu utaiona hatua ya 4. Upandishe kwa parafujo ndefu inayozungushwa na mota. Uzuri wa parafujo ni kwamba haishuki kwa uzito wa maikrofoni: ukikata umeme wa mota, mlingoti unabaki palepale. Mkanda au kapi vingelazimisha mota ishikilie muda wote, na mota inayoshikilia huimba, mlio mwembamba ambao sikio hulizoea na maikrofoni hailizoei kamwe.

Maikrofoni iwe ya daraja la 1 kwa kipimo cha kimataifa cha vipima-sauti, IEC 61672-1. Itundike kwa mpira laini ili mtikisiko wa mlingoti usiifikie, na iwe mbali na bati lolote la roboti kadiri uwezavyo, kwani bati linarudisha sauti. Mimi huipeleka nje ya mlingoti kwa kijiti cha sentimita 30.

Hatua ya 3: Pima kelele za roboti kabla ya kupima ukuta

Hatua hii ndiyo wengi wanairuka, nami niliiruka pia.

Chukua hesabu ndogo. Chumba cha spika kina desibeli 100 kwenye masafa fulani (yaani idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde), na ukuta unazuia 60. Chumba cha pili kinafikiwa na 40. Kama feni ya kompyuta ya roboti inatoa 35 pale maikrofoni ilipo, maikrofoni itasoma 41.2. Tofauti kati ya usomaji huo na kelele za mazingira ni 6.2 tu. Utaratibu unataka tofauti izidi 10. Ikiwa kati ya 6 na 10 unarekebisha kwa hesabu. Ikiwa 6 au chini yake, unaruhusiwa kutoa 1.3 na si zaidi, na ripoti lazima iseme kwamba jibu ni kikomo tu, si kipimo kamili. Yaani ukuta mzuri, uliojengwa kwa uangalifu, ndio utakaoonewa na roboti yenye kelele. Ukuta mbovu hautajali.

Kwa hiyo ingiza roboti kwenye chumba tulivu usiku, pima kwa theluthi za oktavu, yaani vipande vidogo vya masafa, kutoka hezi 50 hadi 5000, mara nne: kila kitu kimezimwa, kompyuta imewashwa, lida inazunguka, magurudumu yameshikilia. Chora mistari minne kwenye karatasi moja. Utaona mara moja mchawi ni nani. Mara nyingi ni lida na feni, magurudumu yanafuata.

Dawa zake ni hizi. Kata umeme wa mota zote roboti ikishasimama. Simamisha lida wakati wa kupima. Feni iondoe kabisa, weka bati la kupoozea lisilo na feni, au iamuru ikae kimya sekunde 20. Jambo moja usifanye: kuiacha feni ijiwashe yenyewe kulingana na joto. Kazi yangu ya kwanza kwenye jengo halisi ilikufa hivyo. Kelele za mazingira zilipimwa asubuhi, kompyuta ikiwa baridi na feni imelala. Kipimo cha ukuta kikafuata mchana, feni imeamka. Hesabu ya marekebisho ikatoa kelele ambazo hazikuwa zile, na ukuta ukaonekana dhaifu kwenye masafa ya juu. Mjenzi alibishana nami karibu saa nzima, na alikuwa na haki.

Kanuni ninayoishika tangu hapo: kelele za mazingira zipimwe roboti ikiwa kwenye hali ileile ya kimya itakayokuwa nayo wakati spika inalia.

Hatua ya 4: Ramani na nukta za kusimama

Iendeshe roboti chumbani mara moja kwa mkono ili lida ichore ramani. Programu ya slam_toolbox inafanya kazi hiyo, na Nav2 inaiongoza roboti baadaye. Angalia vioo: mwanga wa lida unapita kwenye mlango wa kioo wa baraza, na ramani inaonyesha chumba kinachoendelea hadi angani. Bandika karatasi au mkanda wa rangi kwenye kioo, usawa wa lida, kisha uutoe ukimaliza.

Ramani inakupa pia eneo la sakafu. Zidisha kwa kimo cha dari, ulichokipima kwa leza ya mkononi, upate ujazo. Lakini kama dari ina mteremko au kuna kabati lililojengewa ukutani, shika kalamu ufanye hesabu mwenyewe.

Sasa nukta. Fundi wa programu akiambiwa "pima sehemu tano" huchora gridi nadhifu, zote kimo kimoja. Utaratibu unakataza jambo hilo hasa. Nukta zisiwe gridi, na mbili zisilingane umbali kutoka ukuta uleule, sakafu au dari. Sababu ni mawimbi yanayosimama: katika chumba chenye pembe mraba, sauti nzito hujikusanya kwenye mistari inayoambaa na kuta, na gridi inaweza kuangukia kwenye mistari hiyo yote, au kuikosa yote. Ndiyo maana mlingoti lazima upande na kushuka.

Masharti ya umbali ni haya: angalau mita 0.7 kati ya nukta na nukta, 0.5 kutoka ukuta au sakafu au dari, na 1.0 kutoka spika. Roboti huwa inakosea mahali ilipo kwa sentimita kadhaa, kwa hiyo ongeza sentimita 20 kwa kila sharti. Skripti fupi inatosha:

```python
import math, random

def chagua(upana, urefu, spika, n=5):
    nukta = []
    while len(nukta) < n:
        p = (random.uniform(0.7, upana - 0.7),
             random.uniform(0.7, urefu - 0.7),
             random.uniform(0.9, 1.7))
        if math.dist(p, spika) < 1.2:
            continue
        if any(math.dist(p, q) < 0.9 for q in nukta):
            continue
        if any(abs(a - b) < 0.1
               for q in nukta for a, b in zip(p, q)):
            continue
        nukta.append(p)
    return nukta
```

Katika chumba kidogo skripti hii inaweza kuzunguka bila mwisho, ikiwa nukta tatu za kwanza zimekaa vibaya. Weka kikomo cha majaribio 1000, kisha ifute zote na kuanza upya. Na kama chumba si mstatili, angalia kila nukta kwenye ramani kabla ya kuikubali.

Vyumba vilivyo chini ya mita za ujazo 25 vina sharti la ziada kwa hezi 50, 63 na 80: maikrofoni iingie kwenye pembe za chumba, sentimita 30 hadi 40 kutoka kila uso, pembe nne angalau, mbili za chini na mbili za darini. Za chini unaweza kuziachia roboti kama kijiti chake kinatangulia mbele na mlingoti unashuka hadi hapo. Za darini, roboti fupi haitafika. Hapo ingia mwenyewe na kijiti kirefu, wala usione haya.

Hatua ya 5: Mpangilio wa kipimo

Weka kalibreta, kifaa kinachotoa sauti ya kiwango kinachojulikana, kwenye maikrofoni: desibeli 94 kwa hezi 1000. Andika usomaji. Funga milango na madirisha, funga hata matundu ya hewa yanayofungika. Kisha roboti ifuate mzunguko huu kwa kila nukta:

1. Tembea hadi nukta, pandisha au shusha mlingoti.
2. Kata umeme wa mota, simamisha lida, nyamazisha feni.
3. Subiri sekunde tatu, mlingoti uache kuyumba.
4. Pima sekunde 15.
5. Hifadhi usomaji pamoja na mahali, kimo, saa na joto la kompyuta.
6. Amka, endelea.

Sekunde 15 zinatoka kwenye masafa ya hezi 50 hadi 80. Ukianzia hezi 100 sekunde 6 zinatosha, lakini kwa roboti sioni haja ya kubana matumizi. Haina ndoa ya kukimbilia.

Ufanye mzunguko huo chumba cha spika kwa spika ya kwanza, kisha ya pili, halafu chumba cha kupokea vivyo hivyo. Ukiwa na roboti moja, utaibeba kutoka chumba hadi chumba, maana haifungui mlango wala haiufungi nyuma yake. Ukiwa nazo mbili, kazi inakwenda sambamba. Usizitegemeze kwenye Wi-Fi, kwani ukuta uliojengwa kuzuia sauti mara nyingi ni zege nzito na mawimbi ya redio nayo yanachoka humo. Kila roboti ihifadhi data zake yenyewe na iwe na ratiba kamili kichwani. Mtandao utumike kuambiana "nimemaliza" tu.

Kuna wanaotaka roboti ipime huku ikitembea. Utaratibu unakubali maikrofoni inayosogea mfululizo kwa mtambo, ila kwenye duara lenye nusu kipenyo cha mita 0.7 au zaidi, lililoinama, si chini ya sekunde 15 kwa mzunguko. Huo ni mkono unaozunguka polepole juu ya kitu kilichosimama. Magurudumu juu ya sakafu ya zege lenye vumbi na misumari ni kitu kingine kabisa. Ukisikiliza rekodi yake kwenye spika za masikioni mara moja, hutarudia.

Wewe mwenyewe kaa nje. Mvumo wa chumba cha spika unafika desibeli 100 na kupita, na kutohitaji kusimama humo pengine ndiyo faida kubwa ya mradi mzima.

Hatua ya 6: Muda wa mwangwi

Chumba kitupu chenye kuta ngumu huishikilia sauti na kuifanya ionekane kubwa kuliko iliyopenya. Kwa hiyo unapima muda ambao sauti inachukua kushuka desibeli 60 chumba cha kupokea, ili urekebishe.

Wallace Sabine, aliyeanza kuchunguza jambo hili Harvard mwaka 1895, alifanya kazi usiku wa manane kwa filimbi ya kinanda, saa ya kupimia muda na masikio yake. Alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine na kuipanga chumbani ili aone inavyomeza sauti. Baadaye akagundua kwamba hata nguo alizovaa zilibadilisha majibu, ikabidi avae zilezile kila usiku. Mwili wa mtu ni mto pia. Chukua chumba cha mita za ujazo 30 chenye mwangwi wa sekunde 1.5: umezaji wake ni 0.16 × 30 ÷ 1.5, yaani mita za mraba 3.2. Mtu mmoja akiongeza nusu mita ya mraba, mwangwi unashuka hadi sekunde 1.3 na kiwango cha sauti kinapungua kama desibeli 0.6. Akiwamo vipimo vyote si neno. Tatizo ni pale anapokuwa ndani kwa kimoja na nje kwa kingine. Roboti ina umezaji mdogo sana, na haitoki kwenda kupokea simu.

Kwa roboti tumia njia ya kukata mvumo: spika inalia, inazimwa ghafla, roboti inarekodi sauti ikififia. Chukua nukta tatu, kila moja mara mbili. Njia ya mlio unaopanda kutoka nzito hadi nyembamba, aliyoieleza Angelo Farina mwaka 2000, ni bora kwenye kelele za nje, ila inataka spika na maikrofoni zifuate saa ileile. Kadi ya sauti ya roboti na ya spika zina saa mbili tofauti, zinaachana kidogo kidogo, na hesabu inachafuka. Kukata mvumo hakuhitaji saa yoyote ya pamoja. Soma mteremko kati ya desibeli 5 na 25 chini ya kilele, uuzidishe hadi 60.

Hatua ya 7: Hesabu

Wastani wa nukta ni wa nishati, si wa desibeli. Geuza kila usomaji L kuwa 10 kwa kipeo cha L/10, tafuta wastani, rudisha kwenye desibeli. Kisha kwa kila theluthi ya oktavu tafuta DnT, yaani kiasi cha sauti kilichozuiwa. L1 ni wastani wa chumba cha spika, L2 ni wa chumba cha kupokea, T ni muda wa mwangwi:

DnT = L1 − L2 + 10 log (T ÷ 0.5)

Kwa mfano, hezi 500: L1 ni 98.4, L2 ni 44.1, T ni sekunde 1.0. Jibu ni 54.3 + 3.0, yaani 57.3. Namba moja ya mwisho inapatikana kwa utaratibu mwingine, ISO 717-1: mstari wa rejea unasogezwa desibeli moja moja hadi jumla ya upungufu wa majibu yako chini ya mstari huo kwenye masafa 16, kutoka 100 hadi 3150, iwe kubwa kadiri inavyowezekana bila kupita 32.0; unasoma mstari ulipo kwenye hezi 500. Kwa Uingereza unaongeza pia Ctr, sahihisho la sauti nzito, ambalo kwa kawaida ni namba hasi.

Hatua ya 8: Ishindanishe na mtu kabla ya kuiamini

Chagua jozi moja ya vyumba. Mpimaji mzoefu apime kwa mikono mara tano, roboti ipime mara tano kwa nukta mpya kila mara. Usitazame namba ya mwisho tu, tazama kila theluthi ya oktavu. Chini ya hezi 100 wote wawili watatawanyika, ni tabia ya vyumba vidogo. Juu ya hezi 1000 wanapaswa kukaribiana sana. Kama roboti iko chini upande huo kila mara, rudi hatua ya 3, kuna kitu bado kinavuma. Kama tofauti iko katikati, kagua bati lililo karibu na maikrofoni.

Ripoti ambatanishe na ramani yenye nukta zote. Mkaguzi akiuliza maikrofoni ilisimama wapi, utamwonyesha, jambo ambalo kwa kigoda cha miguu mitatu hakuna aliyewahi kuliweza kwa uhakika. Sahihi itabaki ya mpimaji aliyesajiliwa.

Na kabla hujafunga sanduku, rudisha kalibreta kwenye maikrofoni ukiwa bado ndani ya jengo. Usomaji ukipishana na wa asubuhi kwa zaidi ya desibeli 0.5, vipimo vya siku hiyo havihesabiki. Chaji betri, kesho mnarudi wote wawili.